Mlio Una Saa Zake: Niliyojifunza kwenye Corolla Kuukuu

Gari langu ni Toyota Corolla 110, lile la injini ya 5A ya sisi 1,500, lililotengenezwa Japani mwaka 1998. Lilifika mikononi mwangu likiwa namba B, na wenyewe wawili walishapita. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naishi Tabata, ufundi sijausomea popote. Haya ninayoyaandika nimeyalipia, mengine mara mbili.

1. Usimpelekee fundi jina la ugonjwa

Mlio wa kwanza ulikuja asubuhi moja ya Julai, wakati ule Dar es Salaam inapokuwa na kaubaridi ka kuazima. Tik-tik-tik: mkavu, wa haraka, kama cherehani ya jirani upande wa pili wa ukuta. Jirani yangu mwenye Noah akatega sikio kwa sekunde tano, akatoa hukumu: "Tapeti hizo."

Nikaenda gereji bubu ya karibu, nikamwambia kijana, "Tapeti zinalia." Kosa lilikuwa hapo. Fundi ukishampa jina, anatibu jina. Akafungua kava la juu. Injini hii haina skrubu za kurekebisha valvu; ina visahani vya chuma vyenye unene tofauti, vinavyokaa juu ya tapeti. Akasema vimelika, akaleta vingine vya mtumba, akabadilisha na gasketi ya kava. Nikakaa siku mbili bila gari na nikatoa pesa niliyokuwa nimeitenga kwa ada ya mtoto. Asubuhi ya tatu nikawasha: tik-tik-tik.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenipeleka Mwananyamala, kwa mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe. Nikamwamkia, akaitikia, nikaanza hadithi yangu: "Mzee wangu, nadhani tapeti..."

Akanyanyua mkono. "Mwalimu, sijauliza linaumwa nini. Linalia lini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeishi na ule mlio wiki tatu, nimeulalamikia kwa kila mtu, na sikujua kama unakuja injini ikiwa ya baridi au ya moto. Akanirudisha nyumbani na kazi ya kuandika, mimi ambaye kazi yangu ni kuwapa wenzangu kazi za kuandika. Nikaweka daftari ndani ya gari. Baada ya siku nne nilikuwa na mistari hii: unaanza mara tu ninapowasha, unakolea nikikanyaga mafuta, unapungua kadiri mshale wa joto unavyopanda, baada ya dakika kumi hivi, nikifika foleni ya Buguruni, haupo.

Mzee akasoma daftari lile akiwa bado hajashika spana. "Eksozi," akasema. Gasketi ya manifoldi ilikuwa imeungua mahali pamoja. Chuma kikiwa cha baridi kinaacha kipenyo, na kila mara silinda ya mahali hapo inapotema moshi, moshi unachomoka pale kwa mlio mkavu kama wa chuma kugonga chuma. Kikipata moto kinatanuka na kuziba kipenyo. Akanionyesha alama ya masizi meusi, ndogo kama kidole gumba, ambayo ingeonekana siku ya kwanza kama kuna mtu angeitafuta. Gasketi moja, nati mbili, saa tatu za kazi. Tapeti zangu hazikuwahi kuwa na kosa.

2. Mahali pa mlio panadanganya, wakati wake haudanganyi

Injini ni pande moja la chuma, na chuma husafirisha sauti. Kitu kinachogonga nyuma unaweza kukisikia mbele, na ukiinama upande wa kushoto utaapa kwamba kiko kushoto. Ndiyo maana mzee yule haulizi "wapi" mpaka amalize kuuliza "lini". Gari likiwa limesimama au likitembea? Kwenye sailensi, yaani bila kukanyaga mafuta, au ukikanyaga? Likiwa la baridi au la moto? Mlio unafuata kasi ya injini au kasi ya magurudumu?

Swali la mwisho peke yake limeniokolea pesa nyingi. Simamisha gari, weka P, piga resi taratibu. Kama mlio unaoutafuta hauji kabisa, kuna uwezekano mkubwa kwamba injini inasingiziwa.

Kisha kuna hesabu, ambayo mwalimu wa fizikia wa shule yetu aliifurahia kuliko mimi. Injini ikiwa sailensi, krenki huzunguka kama mara 800 kwa dakika. Kamshafti, inayofungua valvu, huzunguka nusu ya hapo, mara 400. Valvu moja yenye kasoro kwa hiyo hugonga kama mara sita au saba kwa sekunde, na kitu kilicholegea kwenye krenki kinaweza kugonga mara 13. Sikio haliwezi kuhesabu 13. Mzee anatumia taa ya taiming: ukiishikiza kwenye waya wa plagi ya silinda ya kwanza, humulika mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Mlio ukienda sambamba na mmuliko, tafuta juu, upande wa valvu. Ukija mara mbili kwa kila mmuliko, mashaka yanashuka chini. Na eksozi inayovuja kwenye silinda moja nayo huenda kwa mwendo uleule wa nusu, ndiyo maana jirani yangu wa Noah alisikia tapeti. Hakuwa mjinga. Alisikiliza kwa sekunde tano tu.

Darasani nafundisha tanakali sauti: tumbukia chubwi, anguka pu. Sikujua kwamba siku moja zingekuwa na bei. Mzee anataka umwigie mlio, bila aibu, mbele ya vijana wake. Tik si sawa na ko. Chwiii ya mkanda unaoteleza si sawa na ng'ng'ng' ya beringi iliyokauka grisi. Na ile chekecheke ya sarafu ndani ya kopo, inayokuja kwenye kasi moja tu na kutoweka, mara nyingi ni lile bati la kukinga joto la eksozi, lililoota kutu kwenye bolti zake. Klipu moja ya chuma inalinyamazisha.

3. Bisibisi ndefu, na kanga mbali na mkanda

Mwaka uliofuata ilikuja ng'ng'ng'. Ilipanda na kushuka na mzunguko wa injini, gari likiwa limesimama, baridi na moto sawasawa. Nilikuwa nimeshakuwa mwanafunzi mzuri, nikaja na daftari limejaa.

Mzee akachukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, ncha akaiweka kwenye gamba la altaneta, mpini akaugandamiza kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, akanipa na mimi. Sauti iliyokuja ilinishtua: kama mtu anasaga kokoto ndani ya kichwa changu. Akahamisha ncha kwenye pampu ya maji: mvumo laini tu. Akanipeleka kwenye Corolla nyingine iliyokuwa pale kwa kazi ya breki, nikasikiliza altaneta yake. Nayo ilivuma, lakini bila kokoto. Ulinganisho huo ulinifaa kuliko maelezo yote, kwa sababu injini nzima nayo ina kelele zake. Nozeli za petroli, kwa mfano, hulia tik-tik zikiwa na afya tele, na nina hakika kuna watu wamezinunulia dawa.

Kama shaka iko kati ya mkanda na beringi, mwagia mkanda matone machache ya maji injini ikiwa inazunguka. Mlio ukibadilika papo hapo, ukazima au ukapanda, mkanda ndio unaosema. Usipobadilika, tafuta kwenye pulei na beringi. Njia nyingine ni kuuvua mkanda na kuwasha kidogo. Lakini kwenye injini hii pampu ya maji huzungushwa na mkanda uleule wa altaneta, kwa hiyo ukiuvua hakuna kinachoipoza. Nusu dakika inatosha kusikia.

Sasa la usalama, ambalo wanawake hatuambiwi kwa sababu hakuna anayetegemea tutainama chini ya boneti. Ncha ya mtandio, pindo la kanga na kamba ya kitambulisho vyote vinapenda mkanda. Feni ya redieta kwenye gari hili ni ya umeme. Injini ikiwa ya moto inaweza kuanza kuzunguka ghafla bila kukutaarifu. Mimi hufunga mtandio nyuma ya shingo kabla sijafungua boneti, hata kama naangalia maji tu.

4. Gusa boneti kabla ya ufunguo

Somo hili nililipata nikimsindikiza mdogo wangu kununua gari. Dalali alitupokea kwa bashasha, gari likiwa tayari linanguruma, limeoshwa, redio inaimba. Injini laini kama siagi. Nikaweka kiganja juu ya boneti: lilikuwa la moto kwelikweli, na muuzaji alikuwa ametuambia halijatoka tangu jana.

Injini iliyochoka ina milio inayojificha ikipata moto, na mingine inajitokeza ikipata moto. Pistoni iliyolegea kwenye silinda hugonga asubuhi, kisha inatanuka na kunyamaza. Muuzaji anayekuwashia gari kabla hujafika amekuchagulia ni nusu gani ya ukweli uisikie. Tulirudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi bila kupiga simu. Dalali hakufurahi, na gari lilipowashwa nalo halikufurahi.

Chomoa pia kijiti cha oili. Oili nzito kupita kiasi, inayoning'inia kama asali, inaweza kuwa imewekwa ili kufunika mgongano kwa siku chache. Na kwa gari lako mwenyewe, kiwango cha oili ndicho cha kwanza kuangaliwa kila mlio mpya unapozuka, kabla ya kumpigia mtu yeyote simu. Ni bure. Nitarudi kwenye hili kwa uchungu.

5. Rekebisha kimoja, kisha sikiliza

Desemba moja tulikuwa tunakwenda Iringa, watu watano na mizigo. Nilijaza mafuta njiani kwenye kituo ambacho sikuwa nimezoea. Kuanzia Mikumi mpaka Ruaha Mbuyuni hakuna tatizo. Tulipoanza kupanda Kitonga, nyuma ya malori yanayotambaa, nikikanyaga tu nasikia mlio kama punje za mahindi zinazopukuchuliwa ndani ya sufuria. Nikilegeza mguu, kimya. Nikishusha gia na kukanyaga kidogokidogo, kimya.

Hiyo ni petroli inayojiwasha yenyewe ndani ya silinda badala ya kungoja moto wa plagi uifikie. Inakuja mzigo ukiwa mkubwa na injini ikiwa ya moto, na ikiachwa iendelee inakula pistoni. Mafuta dhaifu ni sababu moja. Watanzania tunalo neno letu kwa hilo: kuchakachua. Lilitokea kwenye petroli na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kisha likahamia kwenye kura, mitihani na hata mapenzi. Mafuta ya taa hujiwasha kwa urahisi zaidi ya petroli, kwa hiyo yanaleta mlio huu hasa. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kusimamia uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili mchezo huo usilipe.

Sababu nyingine ni taiming. Tuliporudi, mzee akakuta distributa imezungushwa mbele kuliko inavyotakiwa. Kuna mafundi wanaofanya hivyo gari "lichanganye" vizuri, na mteja anaondoka akishangilia. Akairudisha kwenye nyuzi 10 zinazotakiwa injini ikiwa sailensi, na sisi tukawa tumeshamaliza mafuta yale na kujaza mengine mjini. Safari iliyofuata, Kitonga kimya.

Nani alikuwa mkosaji, kituo kile au distributa? Mpaka leo sijui, kwa sababu tuliwaondoa wote wawili kwa mpigo. Mimi nilikuwa nimeshawatangazia watu watano wasinunue mafuta pale. Huenda nimewasingizia.

6. Mengine si ya injini kabisa

Kwa haraka. Kishindo "pu" unapoingiza D au R, kikifuatiwa na mtikisiko kwenye usukani: angalia maunting za injini, raba zake zinakatika. Kataka-kataka ukikata kona kali: jointi za ekseli za mbele. Mvumo unaopanda na kasi ya gari na kubadilika ukiegemeza gari kushoto au kulia: beringi ya gurudumu. Na mlio ulionisumbua mwezi mzima wa Ramadhani, mlio mdogo wa chuma kwenye kila tuta, ulikuwa spana namba 12 iliyosahauliwa chini ya betri. Nilimrudishia kijana wa gereji aliyeisahau. Alishukuru, akasema alikuwa ameitafuta sana.

7. Kuna mlio ambao haungoji kesho

Ulikuwa msimu wa mitihani na nilikuwa nakwenda Kibaha kila siku. Gari lilikuwa limeanza kunywa oili, nilijua, na kwa wiki mbili sikuchomoa kijiti. Jioni moja, Kimara, taa nyekundu ya oili ikapepesa nilipofunga breki, ikazima. Nikaongeza oili lita nzima na nusu, nikajisamehe.

Siku iliyofuata, njiani kurudi, ikaja ko-ko-ko. Nzito, ya chini, kama mtu anabisha mlango wa mbao kwa kifundo cha ngumi. Ilisikika zaidi nikilegeza mguu kidogo kwenye mwendo wa wastani. Asubuhi haikuwepo. Na mimi, kwa kiburi cha mwenye daftari, nikaandika: "Baridi, kimya. Si kitu kikubwa." Nilikuwa nimejifunza kwenye somo la kwanza kwamba mlio wa baridi unaopotea kwenye moto unaweza kungoja. Sikuwa nimeuliza kuhusu ule unaofanya kinyume. Oili ya baridi ni nzito, inajaza nafasi kati ya vyuma. Ikipata moto inakuwa nyepesi, na vyuma vinakutana.

Nikamrekodia mzee kwa simu, nikatuma kwa WhatsApp. Akanijibu kwa sauti: "Mwalimu, hiyo nasikia kama tik, huenda eksozi imerudi. Lete Jumamosi." Simu imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu, ule uzito wa chini ilikuwa imeutupa, ikambakizia ncha tu ya mlio. Nikaendesha siku mbili zaidi. Sikio la kufa, wanasema, halisikii dawa.

Jumamosi aliniona naingia, akanipungia mkono wa kunisimamisha nikiwa bado barabarani. Alikuwa amesikia kutoka chini ya mwembe. Hakutaka daftari. Akaacha injini ipate moto, akaizima, akachomoa waya wa plagi ya silinda ya kwanza, akawasha: ko-ko-ko. Akazima, akarudisha, akachomoa wa pili. Vilevile. Alipochomoa wa tatu, injini ikatetemeka kwa kukosa silinda moja, lakini ule mbisho ukafifia ukawa karibu si kitu. Bila mlipuko juu yake, konrodi ile, mkono unaounganisha pistoni na krenki, haikuwa na nguvu ya kugonga. Akazima mara moja, akatoa ufunguo, akautia mfukoni mwake.

"Likitoka hapa," akasema, "litavutwa."

Waliposhusha sampu, oili ilikuwa na chembe zinazong'aa, nzuri za kutazama kama unga wa vipodozi. Beringi ya konrodi ya tatu ilikuwa imelika mpaka ile rangi ya shaba ikatokeza, na krenki ilikuwa na michirizi niliyoweza kuihisi kwa ukucha. Injini ilikuwa inanoki, kama mafundi wanavyouita mgongo huo wa ndani; siku mbili tatu zaidi na konrodi ingeweza kutoboa bloku. Nikiwa nimekaa kwenye benchi na chai yangu imepoa, akanipa njia mbili: kuchonga krenki na kutia beringi za saizi ya juu, au kutafuta injini nyingine. Kuchonga kungegharimu pungufu kidogo, lakini injini yenyewe ilikuwa imeshaanza kunywa oili, maana yake ringi nazo zingedai zamu yao.

Baada ya wiki mbili tulisikia habari za Corolla ya aina ileile huko Tegeta, iliyogongwa nyuma na lori mpaka buti likafika kwenye viti, mbele nzima. Mwenye nayo alikuwa tayari kuuza injini ikiwa bado ndani ya gari, inawaka. Nilimpigia simu usiku, nikamwomba jambo moja: isiwashwe kabla sijafika.

"Mama, kwani wewe ni fundi?"

"Hapana, ni mwalimu."

Nilifika saa kumi na mbili na nusu, mzee nyuma yangu na bisibisi yake. Mtandio nikaufunga nyuma ya shingo. Kijana akafungua boneti, na kabla hajaingia ndani na ufunguo nikaweka kiganja juu ya kava la injini, nikakiacha hapo kwa muda. Kulikuwa na umande. Chuma kilikuwa cha baridi.